Mwalimu wa Vyuma na Mjane wa Tapio

Lucien Gauvreau alimwambia Darka kwamba huenda akaondoka wakati wote wawili wamelala chini ya mashine ya kukimbilia, yeye kashika tochi, Darka anakaza mkanda kwa spana. Hakupanga iwe hivyo. Maneno hayo alikuwa ameyabeba tangu Jumapili akitafuta mahali pa kuyatua, na kila alipomkuta Darka peke yake, mtu alizuka: mara mwanachama kasahau taulo, mara simu ya mapokezi inalia, mara Aune, mama mkwe wake Darka, anauliza nani kahamisha mikeka yake.

"Dada yangu kanipigia," alisema. "Kule kwetu Hearst wamefungua jimu ya mji, wanatafuta mwalimu. Na mzee naye miguu haimbebi tena kama zamani."

Darka aliendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakaza.

"Ukamjibu nini?"

"Nimesema nitampa jibu Ijumaa jioni."

"Ijumaa hii?"

"Hii hii."

Darka akajivuta nje, akaketi sakafuni, akafuta mikono kwa kitambaa. Nje ya dirisha theluji ya mwezi wa tatu ilikuwa imegeuka kijivu kando ya barabara, na gari la kuikwangua lilipita likinguruma. Lucien naye akatoka, akaketi mkabala naye. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, ndevu zimeanza kuingia mvi, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. Wanafunzi wake wa kunyanyua vyuma walizoea kuinama kidogo ili wamsikie.

"Sikuombi unifuate Hearst," alisema. "Wala sikuombi ndoa. Naomba Mama Aune ajue, basi. Na umwambie wewe, kwa mdomo wako."

"Si mwezi huu, Lucien. Unajua mwezi wa tatu ulivyo kwake."

"Kila mwezi una lake. Desemba ilikuwa Krismasi. Januari yalikuwa magoti yake. Februari sikumbuki ilikuwa nini."

"Meno," Darka alisema, na nusura wacheke wote wawili.

Lakini Lucien hakucheka. Alimtazama Darka kwa namna aliyomtazama mara ya kwanza msimu wa majani kuanguka, walipokuwa wakipaka rangi chumba cha kubadilishia nguo, rangi ya bluu imemrukia Darka shavuni, naye Lucien akaifuta kwa kidole gumba kisha akasahau kuondoa mkono. Tangu siku hiyo walikuwa wapenzi wa chumba cha mitambo na wa kiti cha mbele cha gari lake. Mbele za watu alimwita Bi. Salmela.

"Nina miaka arobaini na miwili," alisema. "Nikikaa meza moja na yule mama, ananiongezea viazi, najihisi mwizi. Na sijaiba kitu. Nimechoka, Darka."

Akainuka, akaiwasha mashine. Mkanda ukazunguka vizuri, haukuvuta upande. Akasema kazi nzuri, akaenda kufundisha darasa lake la saa sita.

Klabu ile ya mazoezi iliitwa Salmela kwa sababu Tapio Salmela ndiye aliyeianzisha, katika jengo lililokuwa zamani ghala la samani upande wa bandarini, mjini Thunder Bay. Tapio alikuwa mume wa Darka na mtoto pekee wa Aune. Miaka minne iliyopita, mwezi wa tatu, alitoka na pikipiki yake ya theluji kwenda kuvua samaki ziwani, barafu ikapasuka, akafa maji. Baada ya mazishi watu walidhani Darka atauza klabu arudi kwa ndugu zake Waukraine wa Fort William, upande wa pili wa mji. Hakuuza. Alibaki katika nyumba ileile, yeye ghorofa ya juu, mama mkwe wake ghorofa ya chini, na klabu wakaiendesha pamoja. Darka alishika funguo, mashine na darasa la baiskeli za ukumbini. Aune, aliyekula chumvi nyingi kuliko wanachama wake wote isipokuwa wawili, alishika darasa la wazee la asubuhi na sauna, chumba cha mbao cha kuogea mvuke.

Lucien naye, ambaye kwao husema Kifaransa, aliajiriwa na Aune mwenyewe. Walikuja vijana kadhaa kuomba kazi ile, na Aune akamchagua Lucien kwa sababu aliingia, akapangusa viatu, halafu akapangusa na tope la kijana aliyemtangulia.

Alhamisi asubuhi Aune alimwambia Darka aje sauna saa ya wanawake, atawasha moto mapema. Alilisema hilo akiwa amempa mgongo, anakunja taulo. Darka akaona Mungu kamfungulia njia. Ndani ya sauna Wafini, watu wa Aune, hawagombani. Tangu utotoni hufundishwa kwamba mtu akiingia mle akae kama yuko kanisani. Mchana kutwa alipanga maneno yake. Aliyapanga akifundisha baiskeli, akiwaambia watu wapande mlima usiokuwapo, na mmoja wao akalalamika kwamba mlima wa leo hauna mwisho.

Saa ya wanawake ilipofika walijikuta wawili tu. Lempi, binamu yake Aune, ambaye hakuwahi kukosa, siku hiyo alisema ana shughuli. Aune alipanda benchi la juu kama kawaida yake, Darka akaketi la chini. Joto lilikuwa zuri, mbao zinanukia. Aune akachota maji kwa kata, akayamwaga juu ya mawe, mvuke ukapanda na kuwafunika.

"Kwa hiyo yule Mfaransa anakwenda kwao," Aune alisema.

Maneno yote ya Darka yakamtoka kichwani.

"Nani kakwambia, Mama?"

"Dada yake. Alipiga simu ya mapokezi juzi, nikapokea mimi. Tumeongea nusu saa. Mwanamke mzuri, ila maneno mengi." Akajipangusa shingo. "Akaniuliza kama na wewe utahamia Hearst. Alidhani najua."

Darka aliinamisha uso. Jasho lilimtiririka, hata asijue lipi la joto na lipi la aibu.

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Lini?"

Darka alijifuta uso kwa ncha ya taulo.

"Lempi anajua?"

"Anajua."

"Na darasa langu?"

"Nadhani wanahisi, Mama."

"Basi mji unajua, Hearst inajua, mgeni ni mimi. Nyumbani mwangu." Hakupandisha sauti. Aliongea kama anayeuliza bei ya viazi, na Darka aliona afadhali angefokewa. "Sasa nisikilize. Kwa huyo, mimi sikubali. Nilimwajiri afundishe vyuma."

"Ana ubaya gani?"

"Hana. Angekuwa mbaya ningelala usingizi."

Akamwaga kata nyingine. Walisubiri mvuke upungue. Aune alipoanza tena kusema, alikuwa akiutazama mlango.

"Tapio alitoka asubuhi akasema atarudi kula supu. Nikaifunika sufuria. Nikaipasha, nikaifunika, nikaipasha tena, mpaka walipokuja wale askari wawili na kofia zao mkononi. Mimi sina nguvu ya kumfunikia sufuria mtu mwingine, Darka. Wewe ndiye uliyebaki. Mwanamume ana kwao, na kwao ni mbali, na ana gari. Siku moja atapakia."

"Mimi siendi popote."

"Wanawake wote husema hivyo."

"Mama, miaka yote hii sikukaa nawe kwa ajili ya Tapio peke yake. Nimekaa kwa sababu nakupenda. Unaninunia, unahamisha vitu vyangu jikoni, na nakupenda. Lakini siwezi kukaa nikawa kama ile picha yake ukutani. Mimi bado niko hai."

Aune aliiweka kata chini. Halafu akashuka kutoka benchi la juu, taratibu kwa sababu ya magoti, akajifunga taulo, akatoka. Tangu Darka amjue, hakuwahi kumwona Aune akitangulia mtu kutoka sauna.

Jioni hiyo Darka alirudi nyumbani. Kwa kawaida redio ya Aune ilisikika mpaka juu, naye Darka hushuka wanywe kahawa na andazi la iliki. Siku hiyo redio haikuwashwa, na Darka aliposhuka alikuta mlango wa chini umefungwa. Alisimama pale, akapandisha mkono agonge, akaushusha. Akarudi juu, akampigia Lucien.

Alimweleza yote. Lucien alisikiliza bila kumkatiza, kama alivyosikiliza watu wote, halafu akauliza hali ya Aune ikoje. Darka akasema hajui, kajifungia.

"Lakini sasa anajua," Darka alisema. "Si ndicho ulichotaka?"

"Anajua kwa sababu dada yangu ana mdomo. Wewe umekutwa, Darka, na kukutwa si kusema."

"Unataka nini zaidi?"

"Sitaki kitu zaidi. Lala, mpenzi. Kesho nitafundisha, halafu nitampigia dada."

Darka alikasirika, akakata simu. Alizunguka chumbani akizitafuta hasira za kumtupia Lucien, na kila alipozipata alizikuta zina jina lake mwenyewe. Ni kweli, hakuwa amesema. Majira yote ya baridi alijiambia anamwonea huruma mama mkwe, kumbe alikuwa akijihurumia yeye. Mapenzi yakiwa sirini hakuna anayekuuliza umeolewa na nani, aliye kaburini au aliye hai.

Ijumaa asubuhi Aune hakuja kufundisha.

Hilo halikuwahi kutokea. Alifundisha siku mji ulipokosa umeme, na alifundisha wiki iliyofuata mazishi ya mwanawe. Wanafunzi wake, bibi vizee waliovaa soksi za sufu walizojifumia wenyewe, walisimama ukumbini wakitazama saa ya ukutani. Darka alikimbia nyumbani, hapakuwa mbali. Mlango wa chini ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, viatu vya theluji havipo. Majirani hawakumwona. Akarudi klabuni moyo ukimdunda, akiwaza barabara zenye barafu na magoti yale.

Alimkuta Lucien mbele ya darasa. Hakuna aliyemwomba. Aliona vizee wanapoa, akavua jaketi, akaanza kuwainulisha mikono. Nao walikuwa wakimtesa kwa raha zao.

"Kijana, Aune hutuhesabia," Lempi alimwambia. "Wewe unatupigia mnada."

"Samahani, Mama Lempi. Nipunguze?"

"Punguza. Na usitabasamu hivyo, tuna maradhi ya moyo."

Wakacheka, mikono hewani. Ndipo Lempi alipomwona Darka mlangoni, nywele zimetimka, anahema. Akashusha mikono yake, na wenzake wakashusha yao.

"Umempata?"

"Sijampata. Katoka, lakini kitanda kimetandikwa na viatu kavaa."

"Basi kaondoka na akili zake," Lempi alisema. Alikuwa mwanamke wa kusema alilonalo. "Sasa tuambie, tumemkosa Aune kwa sababu gani? Mgonjwa?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini mwa Darka. Angesema mafua, na wangekubali, maana wazee wa mji ule waliuheshimu mlango wa mtu. Alimtazama Lucien. Lucien alikuwa kainama anakusanya dambeli, vile vyuma vidogo vya mkononi, sakafuni. Hakumtazama wala hakungojea kitu. Hilo ndilo lililomchoma Darka: mtu aliyempenda alikuwa ameacha kungojea.

"Si mgonjwa," alisema. "Ni kwa sababu yangu. Nampenda Lucien."

Lucien akasimama wima na dambeli zake mikononi.

"Nampenda tangu msimu wa majani kuanguka," Darka akaendelea, na aliposikia sauti yake haitetemeki akapata nguvu. "Nilimficha Mama. Nilikosa kwa kumficha, lakini kumpenda huyu sikukosa. Mama angenipiga makofi ningepokea. Lakini Lucien nampenda, na mtu akiniuliza nitamjibu hivyo."

Lempi alijikuna shavu.

"Mwanangu," alisema, "mapenzi ni kikohozi. Umekohoa baridi nzima, sisi tumekaa tunangoja utoe kitambaa."

Kizee mmoja nyuma akasema yeye alijua toka Krismasi, mwingine akasema yeye alijua kabla yake, na nusura wagombane. Ugomvi ule ulikatizwa na sauti ya mtu akikung'uta theluji viatuni.

Aune alikuwa amesimama nyuma ya Darka, karibu na viango vya makoti, kofia ya sufu kichwani, pua nyekundu kwa baridi. Amefika lini hakuna aliyejua, lakini uso wake ulisema kasikia ya kutosha.

"Mama, ulikuwa wapi?" Darka alimshika mikono yote miwili. Ilikuwa baridi kama chuma. "Nimezunguka mtaa mzima."

"Makaburini. Nilikwenda kumwambia Tapio." Aune alivua kofia, akaitundika. "Sikutaka na yeye aambiwe na yule dada wa Hearst."

Darka alimkumbatia, naye Aune, ambaye si mtu wa kukumbatiwa, alisimama wima kama mlingoti kwa muda, halafu akaweka mkono mmoja mgongoni mwa mkwe wake na kuupapasa kwa nguvu, kama anayemcheulisha mtoto mchanga.

"Jana ulisema unanipenda, nikatoka bila kukujibu," alimwambia sikioni. "Kulikuwa na joto."

Kisha akamsogeza pembeni, akamtazama Lucien kuanzia viatu mpaka ndevu.

"Utampeleka kwenu?"

"Hapana, Mama Aune. Sijawahi kumwomba hilo. Kwake ni hapa."

"Na wewe kwako ni wapi?"

Lucien alizitua dambeli juu ya rafu, moja moja, bila kelele. "Nilikuwa sijui mpaka dakika tano zilizopita," alisema. "Dada nitamwambia siji kuishi. Nitakuwa nikienda kumwona mzee."

"Baba yako anaweza kukaa kwenye kiti?"

"Kukaa anaweza. Kusimama ndio shida."

"Basi mlete. Nina mazoezi ya kiti, na darasa langu halina mwanamume hata mmoja."

Minong'ono ilipita kwa vizee. Mmoja aliuliza huyo mzee ana umri gani, na kama bado ana meno yake. Lempi akamwambia anyamaze, halafu mwenyewe akauliza kama anajua kucheza dansi.

"Mimi sijasema nimefurahi," Aune aliwaambia Darka na Lucien kwa sauti ya chini. "Nitanuna kidogo. Mniache ninune. Na Jumapili mje kula, wote wawili, saa saba, msichelewe."

Alivuka ukumbi, akachukua mahali pake mbele ya kioo. Lucien alikwenda kusimama kando ya Darka, ukutani, na mbele ya watu wote akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa sugu za vyuma. Darka hakuutoa mkono wake. Alihisi macho ya ukumbi mzima yakimtua, akaona hayana uzito aliouogopa.

"Inueni," Aune alisema. "Mmepoa kama samaki."

Mikono ikapanda. Akaanza kuhesabu kwa Kifini, sauti kavu, kama alivyohesabu asubuhi zote. Mikono inapanda, inashuka, soksi za sufu zinakwaruza sakafu. Katikati ya hesabu macho yake yalikwenda kwenye kioo, yakawaona wale wawili nyuma ya darasa, na yakakaa pale. Sauti ikakatika. Vizee wakabaki na mikono juu, wakingoja.

"Ngapi tena?" Aune aliuliza.

"Tulikuwa sita," Lempi alisema.

"Wewe ulikuwa huhesabu, Lempi. Ulikuwa unachungulia."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

Aune alijipangusa macho kwa mkono wa sweta, bila kujificha.

"Nimepotea," alisema. "Shusheni mikono. Tuanze upya."